Wapima macho wenye leseni Dar es Salaam: vipimo ni vya mgonjwa, si chambo cha kuuzia fremu

Ndugu wanajamvi,

Malalamiko haya hayawahusu wamachinga wanaopanga miwani ya kusomea juu ya turubai pale Kariakoo. Mmachinga havai koti jeupe, hakuingizi chumba cha ndani wala hajiiti mtaalamu. Unajaribu mwenyewe, ukiona herufi za gazeti zimekaa sawa unalipa na kuondoka. Ninaowalalamikia ni watu waliosomea optometria, yaani taaluma ya kupima macho na kuandika miwani, wakasajiliwa, wakapewa leseni na kuitundika ukutani, kisha wakakubali chumba cha vipimo kiwe sehemu ya kaunta ya mauzo.

Mke wangu alipimwa macho katika duka moja la miwani maeneo ya Posta, ambalo silitaji kwa sababu sitaki uzi huu ugeuke kuwa ugomvi wa duka moja. Mlangoni pana bango linalosema kupima macho ni bure. Alipomaliza kupimwa akaambiwa anahitaji miwani ya kuvaa muda wote, akaoneshwa fremu ambazo ile ya bei ya chini kabisa, pamoja na lenzi zake, ilikuwa shilingi 280,000. Akashukuru, akaomba aandikiwe vipimo vyake ili akatengeneze miwani kwingine kulingana na uwezo wake. Hapo upole ukaisha. Akajibiwa kwamba vipimo ni vya duka na havitolewi kwa asiyenunua. Akasema yuko tayari kulipia kile kipimo kilichotangazwa kuwa cha bure; hilo nalo likakataliwa. Mpaka nilipofika mimi na kumtaka msimamizi ajitokeze, ndipo tukapewa kikaratasi kilichotoka kwenye mashine, kisicho na jina la mgonjwa, jina la aliyempima, namba yake ya usajili wala sahihi.

Wengi wetu hupewa kikaratasi kama hicho tukadhani tumepata cheti cha vipimo, na ndiyo maana nataka nilieleze jambo hili kwa kirefu. Mashine ile ambayo unaweka kidevu na kutazama picha ndogo kwa mbali hutoa makadirio ya kuanzia tu. Kwa kijana, na zaidi kwa mtoto, misuli ya ndani ya jicho hujikaza wakati wa kutazama, na mashine inaweza kuonesha kwamba haoni mbali kwa kiwango kikubwa kuliko hali halisi; kwa sababu hiyo watoto mara nyingi huwekewa kwanza dawa ya matone ya kulegeza misuli hiyo. Baada ya mashine, mtaalamu anapaswa kukaa na mgonjwa, ambadilishie lenzi moja moja na kumuuliza anaona vizuri zaidi kwa ipi, mpaka wafikie namba ambayo mgonjwa anaivumilia. Namba hizo za mwisho ndizo vipimo: nguvu ya lenzi kwa kila jicho, silinda kama ipo, yaani nguvu ya ziada ya kurekebisha jicho lisilo na mviringo sawa, pamoja na nyuzi za mhimili wake, yaani mwelekeo inakolazwa, nyongeza ya kusomea kwa waliokaribia au kupita miaka 40, na umbali kati ya mboni mbili ambao fundi atauhitaji wakati wa kukata lenzi. Si mambo ya kukisia. Mhimili wa silinda ukikosewa kwa nyuzi 30, ukungu unaobaki ni mkubwa sawasawa na ule aliokuwa nao mgonjwa kabla ya kuvaa miwani. Kwa lenzi zenye nguvu kubwa, kukosea umbali wa mboni kunatosha kumletea mtu maumivu ya kichwa kila jioni, naye akaambiwa avumilie, macho yatazoea.

Sasa, mtaalamu anayemficha mgonjwa namba hizi anaficha matokeo ya uchunguzi wa mwili wa mtu mwingine. Marekani iliweka kanuni mwaka 1978 inayomlazimu mpimaji kumkabidhi mgonjwa vipimo vyake mara baada ya kupimwa, bila malipo ya ziada na bila kumshurutisha anunue miwani. Uingereza ina wajibu kama huo katika kanuni za mwaka 1989. Najua atatokea mtu wa kuniambia nisilinganishe Dar es Salaam na London. Diopta, yaani kipimo cha nguvu ya lenzi, ni ile ile Posta na London, na hoja iliyozifanya nchi hizo ziandike kanuni ndiyo hiyo hiyo tuliyo nayo hapa, yaani mpimaji na muuzaji wanapokuwa chini ya paa moja, mgonjwa asipoweza kuondoka na karatasi yake hana tena nafasi ya kuchagua.

Lipo na jambo zito zaidi ya bei. Mjomba wangu, mkazi wa Temeke, alibadilishiwa miwani zaidi ya mara moja na mpimaji mwenye leseni huku akilalamika kwamba anagonga fremu za milango na haoni bodaboda zinazotokea ubavuni. Kila aliporudi aliuziwa lenzi mpya. Hakuna aliyempima presha ya macho, hakuna aliyeangalia neva nyuma ya jicho, hakuna aliyemwandikia barua ya rufaa. Alipofika kwa daktari bingwa hospitalini aligundulika kuwa na glakoma, ambayo mitaani tunaiita presha ya macho, na sehemu ya uoni iliyokwisha kupotea hairudi kwa dawa wala kwa upasuaji. Matone anayotumia sasa ni ya kulinda kilichobaki. Glakoma huanza kimya kimya, mara nyingi bila maumivu, na herufi za ubaoni mgonjwa anaweza kuendelea kuzisoma vizuri. Kwa hiyo mpimaji anayeishia kwenye ubao wa herufi anaweza kumwambia mtu macho yako ni mazima wakati yanakufa pembeni. Simlaumu mtu wa optometria kwa kutotibu glakoma. Namlaumu kwa kusikia dalili, kuzipuuza, na kufungua kabati la fremu.

Kuhusu lenzi za kuzuia mwanga wa bluu, ambazo kila mfanyakazi wa ofisini anatishwa kwamba asipozinunua kompyuta itamharibu macho, nitasema kwa ufupi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2023 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, hayakuona kwamba lenzi hizo hupunguza uchovu wa macho wa muda mfupi kuliko lenzi za kawaida. Anayezitaka na azinunue. Kumtisha mgonjwa kwa jina la taaluma ili azinunue ni utapeli.

Na tafadhali, acheni kumuuliza mtu mbele ya foleni ya wateja kama ana kisukari, kisha namba yake ya simu mkaitumia kumtumia matangazo ya punguzo la sikukuu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya si za kutangaza kaunta.

Nchi hii ina Baraza la Optometria chini ya Wizara ya Afya, na barua yetu, pamoja na nakala ya kile kikaratasi, imeshapelekwa huko. Tumelitaka Baraza litamke kwa Kiswahili, kwa tangazo litakalobandikwa katika kila chumba cha vipimo, kwamba mgonjwa atapewa vipimo vyake vikiwa na jina na namba ya usajili ya aliyempima, anunue au asinunue. Kufunga maduka yasiyosajiliwa ni kazi njema, lakini duka lililonitendea haya lina kila karatasi inayotakiwa, na mimi sioni leseni ina maana gani ikiwa inamhakikishia mwenye duka kipato bila kumhakikishia mgonjwa chochote.

Wapo humu wataalamu wa optometria waliosoma katika chuo cha KCMC kule Moshi na kwingineko, na najua wengi wenu mmeajiriwa tu, duka si lenu. Naomba mjibu bila kuzunguka: je, mshahara wenu unategemea idadi ya miwani inayouzwa baada ya ninyi kupima? Kama ndivyo, nani aliyewawekea utaratibu huo, na mbona ninyi wenyewe hamjaupeleka mbele ya Baraza?