Watahiniwa wa P.7 na "If I would have money": kosa linatoka wapi, na linatibiwaje?

Chaki_Mbale

Habari zenu ndugu. Nina kundi la watahiniwa wa P.7 (darasa la saba la shule ya msingi Uganda) hapa Mbale ninaowapa masomo ya ziada ya Kiingereza. Wengi nyumbani huongea Kiswahili. "If 1" (sharti linalowezekana) wanaimudu kwa kiasi, ila kwenye "If 2" (la kuwazia tu) na "If 3" (la jambo lililokwisha pita) mambo yanaharibika, na makosa ni yale yale:

"If I would have money, I would buy a bicycle."
"If she would came early, she would have get a seat."
"If it will rain tomorrow, we shall not go to the garden."
"Unless you don't read, you will fail."

Kanuni wanazo kwenye madaftari. Muulize mtoto "If 2" inaundwaje, atakujibu bila kukwama. Mpe kalamu, yote yanayeyuka. Wanatatizwa pia na maswali ya kuandika upya sentensi, hasa yanayotaka uanze na "Had" au utumie "unless". Nianzie wapi?

Kalamu_Nyekundu

Mwalimu, sentensi zako mbili za kwanza ni Kiswahili kilichovaa sare ya Kiingereza. Sema "Ningekuwa na pesa, ningenunua baiskeli" uone: -nge- ipo mara mbili, kila kitenzi na yake. Mtoto aliyeambiwa kwamba "would" ndiyo -nge- ataiweka pande zote mbili, maana lugha yake inadai hivyo. "Nilikuwa na pesa, ningenunua" sikioni mwake ni upuuzi, na kumbe ndivyo Kiingereza kinavyofanya! "Would" hukaa upande wa matokeo tu. Upande wa "if", kitenzi kinarudi nyuma hatua moja.

Kwa hiyo usianze na kanuni. Anza na ukweli. Mwambie mtoto aandike kwanza jambo lilivyo hasa, kisha aligeuze:

Ukweli: "I don't have money. I can't buy a bicycle."
Sharti: "If I had money, I could buy a bicycle."

Ukweli: "We did not lock the door. The thief entered."
Sharti: "If we had locked the door, the thief would not have entered."

Kuna mambo mawili tu ya kukagua. La kwanza, wakati: ukweli ukiwa wa sasa, kitenzi cha "if" kinakwenda wakati uliopita, ukweli ukiwa wa jana, kinakwenda kwenye "had" pamoja na umbo la tatu la kitenzi. La pili, ukanushi: palipo na "not" kwenye ukweli, inatoka, pasipo nayo, inaingia. Hilo hufanywa pande zote mbili. Mtoto akishageuza sentensi kumi hivi, jina la "If 2" au "If 3" halimsaidii tena sana, na hiyo ni afadhali.

"Would came" na "have get" ni ugonjwa mwingine kabisa. Hapo sharti halina kosa, ni jedwali la vitenzi ambalo halijakaa kichwani. Baada ya "would" kitenzi hakivai chochote: "would come". Baada ya "have" na "had" ni umbo la tatu: "have got", "had gone", "had written". Vinavyoangusha wengi ni go, come, write, take, see, know, eat, break na give. Wape hivyo tisa peke yake, wavikariri kwa maumbo matatu, kabla hujagusa "If 3". Ukifundisha vyote kwa mpigo hutajua kosa limetoka upande gani.

mto_wa_manafwa

Naongeza juu ya "If it will rain". Hapo mlaumu "kama". Mtaani tunasema "Kama utakuja, nitakungoja", -ta- na -ta-, naye mtoto anahamisha zote mbili: "If you will come, I will wait." Mwambie kabla ya kutafsiri aigeuze "kama utakuja" iwe "ukija". Hiyo -ki- haina wakati ujao ndani yake, na Kiingereza nacho hakitaki "will" hapo. "Ukija, nitakungoja" inaingia moja kwa moja: "If you come, I will wait." Mvua ikinyesha: "If it rains". Akichelewa: "If he is late". Hapa Kiswahili kinakusaidia bure.

Lakini -ki- ina mtego wake. "Nikifika nitakupigia" inaweza kuwa "if" au "when", lugha yetu haijali. Luganda nayo ni hivyo, "bw'ojja" inabeba maana zote mbili. Kiingereza kinakulazimisha uchague. Jambo lenye hakika ni "when": "When I reach Kampala, I will call you." Ukiandika "If I reach Kampala", aliyebaki nyumbani ataanza kuuliza basi hilo lina breki au halina. Na jua likizama ni "when the sun sets", daima.

Jambo la kando: ule mfano maarufu wa sharti la ukweli wa kila siku, "If you heat water to 100 degrees, it boils", si mzuri kwa mtoto wa Kabale. Mji ule uko juu karibu mita 2,000, na maji huko huchemka kabla ya kufika 94. Tumia "If you mix blue and yellow, you get green", hiyo haibadiliki ukipanda mlima.

Kalamu_Nyekundu

Haha, kweli. Na "we shall not go" aiache, haina kosa. Kosa lilikuwa "will" upande wa "if".

Sarufi_Jinja

Niwaunge mkono, ila kuna jambo mmeliruka. Vitabuni -nge- ni ya sasa na -ngali- ni ya wakati uliopita: "Ningejua" halafu "Ningalijua". Midomoni mwa watu -ngali- imekaribia kupotea. Mtu anasema "Ningejua jana, nisingekuja", na kila mtu anaelewa. Kwa hiyo ukimpa mtoto kanuni kwamba -nge- ni "If 2", atakwama hapo. Afadhali atafute neno la wakati: jana, mwaka jana, wakati ule. Akilikuta, ni "had": "If I had known, I would not have come." Asipolikuta, ajiulize kama jambo bado linaweza kubadilika. Jana haibadiliki.

Zoezi linalofanya kazi ni kuchukua tukio moja na kulipitisha nyakati tatu, vitenzi vikiwa vile vile:

Wingu limetanda: "If it rains, we will stay inside."
Ni kiangazi, anga jeupe: "If it rained, we would stay inside."
Jana haikunyesha: "If it had rained, we would have stayed inside."

Mtoto aone kwamba "rained" ya sentensi ya pili haina uhusiano wowote na jana. Ni umbali tu, jambo limesogezwa mbali na ukweli. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu wameambiwa tangu P.3 kwamba -ed ni jana. Dawa ni kumwambia aongeze "now" au "tomorrow" mwishoni: "If it rained tomorrow". Sentensi bado inasimama.

Halafu waonye kuhusu "I'd". Inaficha "I had" na pia "I would". Waangalie kitenzi kinachofuata: "I'd gone" ni had, "I'd go" ni would. Kwa "come" na "put" umbo halikusaidii, basi waangalie iko upande upi: kwenye upande wa "if" ni had. Katika mtihani waandike kwa kirefu tu, wasijitafutie balaa.

Zile za kuchanganya, mfano "If he had studied medicine, he would be working at Mulago Hospital now", waachie S.3 (mwaka wa tatu wa sekondari). Kwa P.7 zitawavuruga.

Chaki_Mbale

Asanteni sana. Ile ya kuandika ukweli kwanza naijaribu kesho. Bado "Had" na "unless". Wakiambiwa waanze na "Had" wanaandika "Had if he worked". Na kuna mzazi aliyebisha kwamba "If I was" ni kosa siku zote. Ni kweli?

mto_wa_manafwa

"Unless" kwanza, ni nyepesi. Ni -sipo- yetu. "Usiposoma, utaanguka": ukanushi umo ndani ya -sipo- tayari, kama ulivyomo ndani ya "unless". "Unless you don't read" ni sawa na kusema "usiposiposoma". Hatua: futa "if", weka "unless", futa "do not" au "does not" ya upande huo, upande wa pili usiuguse. Makosa hutokea sehemu mbili. Moja, mtoto anafuta "not" zote, na "If you do not pay, you will not enter" inageuka "Unless you pay, you will enter". Maana imepinduka, alama imekwenda. Mbili, "does" ikiondoka inaacha s yake nyuma: "If he does not pay" inakuwa "Unless he pays", si "Unless he pay". Ikiwa ilikuwa "did not pay", inakuwa "Unless he paid".

Kalamu_Nyekundu

Kuhusu "Had". Swali mara nyingi linakuja na ukweli: "He did not work hard so he failed." Mtoto aitengeneze kwanza kwa "if" kwenye karatasi ya kazi: "If he had worked hard, he would not have failed." Ndipo afute "if" na kubadilishana nafasi: "had" mbele, mtendaji nyuma yake. "Had he worked hard, he would not have failed." Akague kwamba "so" au "because" imekufa. Wengi huiacha hai katikati ya sentensi, na mkato wanausahau. Sharti likitangulia, mkato ni lazima. Likija nyuma ya matokeo, hauhitajiki.

Kwenye kukanusha, "not" inabaki nyuma ya mtendaji: "Had they not missed the bus". "Hadn't they missed" inasikika kama swali, wasiiandike.

Sarufi_Jinja

Kuhusu mzazi: kwenye mambo ya kuwazia, "If I were you" ndiyo ya mtihani, pia "If she were here". "If I was you" utaisikia hata Uingereza kwenyewe, ila kwenye karatasi usiwaruhusu. Lakini si kila "if" inawazia. "If I was rude yesterday, I am sorry" ni sahihi kabisa. Huyo mtu huenda kweli alikuwa mkali, ni jana halisi, na "were" hapo ndiyo ingekuwa kosa. Ukimkuta mtoto kaandika "If he was at the market yesterday, he saw the fire", usikimbilie kalamu nyekundu.

Kalamu_Nyekundu

Sina neno, ssebo (bwana) 😄