Miaka 27, pombe sinywi, naambiwa ini lina mafuta. Naombeni ushauri wakuu

Kijana wa Kimara
Wakuu habarini za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho maana usingizi sipati. Nina miaka 27, nauza simu na vioo vya simu Kariakoo mtaa wa Agrey. Mwezi uliopita nilikuwa nahisi uzito fulani upande wa kulia chini ya mbavu, nikaenda kupiga ultrasaundi, nikaambiwa ini lako lina mafuta, gredi ya pili. Damu wakapima ALT, kile kipimo cha ini, ikasoma 78 na karatasi inasema mwisho 40. Homa ya ini B na C sina, sukari ya asubuhi kabla ya kula 6.3. Pombe sijawahi kunywa maishani, sigara sivuti. Nikigugo naona NAFLD, mara MASLD, sijui nina magonjwa mawili? Daktari alikuwa na foleni ndefu, akasema punguza uzito, dakika tatu niko nje. Swali langu ni hili, chakula gani kinasafisha ini haraka, na je kufunga siku 21 kwa maji matupu kunasaidia? Nataka kuanza Jumatatu.

Mzee wa Magomeni
Vijana mnakaa kwenye viti kutwa nzima na simu mkononi. Sisi tulikuwa tunatembea kwa miguu kutoka Magomeni mpaka Posta na hatukujua ini linauma wapi. Mrudie Mungu na ule chakula cha nyumbani.

Bint Rangi Tatu
Pole kaka angu. Mimi niliambiwa hivyohivyo 2021 nikiwa na kilo 91, nikaanza kutembea kila jioni na jirani yangu, hatukukimbia wala nini, ni kutembea tu huku tunapiga umbea, mwaka ulipoisha nilikuwa 82 na ultrasaundi ikarudi safi. Sema huyo jirani baadae alikuja kunichukulia bwana, ila hiyo siku nyingine nitaleta uzi wake.

Nesi Zamu ya Usiku
Mdogo wangu tulia kwanza. NAFLD na MASLD ni kitu kilekile, ni hilohilo ini lenye mafuta, 2023 wataalamu walibadilisha jina wakaliunganisha na mambo ya uzito, sukari, presha na mafuta ya damu. Sasa nijibu: urefu wako, kilo zako, siku nzima unakula na kunywa nini, na kuna dawa yoyote unatumia, hata ya mitishamba?

Kijana wa Kimara
Asante dada. Urefu sentimita 170, kilo 94. Asubuhi supu na chapati mbili, mchana wali maharage, dukani kuna joto kwa hiyo nakunywa soda mbili za nusu lita na energy moja. Usiku nikishuka basi la mwendokasi Kimara Mwisho napitia zege (chipsi mayai) kwa jamaa pale. Sio mlafi kivile.

Fundi Friji
Ukiacha zege huyo jamaa wa Kimara anafunga banda mkuu 😂 Pole lakini, na mimi nimejisoma humo.

Nesi Zamu ya Usiku
Soda moja ya nusu lita ina sukari zaidi ya gramu 50, yaani vijiko vya chai kumi na mbili hivi, na wewe unapiga mbili na energy juu. Ule utamu wa fruktosi unachakatwa zaidi kwenye ini, na ukizidi ini linaugeuza kuwa mafuta. Pombe hunywi sawa, ila ini halichagui mafuta yametoka wapi. Na hiyo 6.3 usiipuuze, hapo sukari inapiga hodi. Anza na soda, hicho kimoja tu, kabla hujawaza chakula cha kusafisha, maana hakuna chakula kinachosafisha ini. Swali la dawa hujanijibu.

Kijana wa Kimara
Nimekuelewa dada. Ila kufunga je? Watu wanasema siku 21 mwili unakula mafuta yake wenyewe.

Nesi Zamu ya Usiku
Ukijinyima ghafla hivyo mafuta yanatoka kwenye tumbo na mapaja yanapitia ini kwa wingi, unaweza kulizidishia mzigo badala ya kulipumzisha. Kilo zitoke polepole, nusu mpaka moja kwa wiki. Ukipunguza asilimia 7 mpaka 10 ya uzito, kwako ni kama kilo 7 mpaka 9, hata kule kuvimba kwa ini kunakoletwa na mafuta huwa kunashuka. Kutembea haraka dakika 150 kwa wiki, unaweza kushuka Ubungo ukamalizia kwa miguu siku mbili tatu. Kahawa bila sukari ruksa.

Fundi Friji
Dada hakuna kidonge kweli? Dunia nzima hii?

Nesi Zamu ya Usiku
Machi 2024 Marekani waliidhinisha kidonge kinaitwa resmetirom, ila ni kwa wale ambao ini limeshaanza kuwa na makovu kiasi, na bado wanaambiwa wale vizuri na wafanye mazoezi. Huyu mdogo wetu hajathibitishwa kufika huko.

Mtaalamu wa Majani
Ndugu usihangaike na hospitali, nina mzizi unasafisha ini siku 14, nimetibu wengi. Njoo PM.

Mpiga Debe Mstaafu
Nilijua tu. Hii ni CHAI, uongo mtupu. Mleta mada kajiunga juzi, anauliza chakula cha kusafisha ini, halafu muuza mizizi anatokea na siku zake 14. Ni mtu mmoja na akaunti mbili, kesho ataleta ushuhuda kwamba kapona. Kama ni kweli weka karatasi ya vipimo hapa.

Kijana wa Kimara
Bro sina shida ya kutangaza chochote, simjui huyo. Karatasi hii hapa, jina nimeziba. [picha]

Mpiga Debe Mstaafu
Jamani mmeiona? Kasema mwezi uliopita na ALT 78. Karatasi ni ya Jumanne hii na ALT ni 212! Unatupiga kamba hadi unajisahau. Mods fungeni uzi.

Nesi Zamu ya Usiku
Subirini msifunge. Mdogo wangu, kutoka 78 mpaka 212 ndani ya mwezi si ya chapati. Umekunywa nini hapo katikati?

Kijana wa Kimara
Karatasi ziko mbili, nimekosea kupiga picha. Sawa ngoja niseme. Kuna dawa ya unga natumia wiki ya tatu sasa, vijiko viwili kwenye maji ya moto asubuhi na usiku. Kaniletea mama mdogo, katoa 180,000 kwenye hela yake ya vikoba na bado anadaiwa 120,000 nyingine. Ni ya asili haina kemikali, ndo maana sikuitaja. Na hiyo kufunga siku 21 ni sehemu ya dozi. Mwili unawasha hasa viganja usiku, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, ila muuzaji alishatuambia hizo ni sumu zinatoka. Nikiacha katikati itakuwa kazi bure, unga umebaki wa siku tisa tu.

Nesi Zamu ya Usiku
Hapana mdogo wangu, naomba unisikilize kama dada yako. Mkojo wa rangi hiyo pamoja na muwasho ni ini linalia, hakuna sumu inayotoka. Acha huo unga leo hii, usimalizie hata kijiko. Kesho asubuhi usiende Agrey, nenda hospitali, chupa ibebe mkononi hivyohivyo umwoneshe daktari, mwambie tarehe uliyoanza. Nenda kwenye mwanga ujiangalie weupe wa macho sasa hivi.

Kijana wa Kimara
Nimejiangalia chooni kwa tochi ya simu. Yana umanjano kwa pembeni. Mama mdogo nitamwambiaje?

Bint Rangi Tatu
Kaka mama mdogo anataka upone, hataki umalize chupa. Nenda.

Mpiga Debe Mstaafu
Bro samahani kwa maneno yangu. Mimi niko Ubungo, kama huna mtu wa kwenda nae njoo PM, saa kumi na mbili asubuhi nakuwa stendi.

Kijana wa Kimara (baada ya siku kumi na moja)
Wakuu nimerudi. Daktari alichukua ile chupa akainusa akauliza ndani kuna nini, nikakosa jibu maana lebo haina hata jina moja la mti. Walinilaza siku tatu. Homa za ini wamerudia kupima, zote hakuna. Jana ALT imesoma 131, mkojo umerudi sawa, muwasho umeisha. Yale mafuta yapo palepale, tunaanza nayo sasa, kilo 92. Dukani nabeba maji yangu kwenye chupa ya lita moja na nusu. Mama mdogo nimemwambia kwamba daktari kasimamisha, sijamwambia kwa nini. Amebaki kunyamaza, halafu akauliza ile 120,000 bado ailipe?

Mpiga Debe Mstaafu
Asilipe hata mia. Na mwambie ukweli, asije akampelekea mwingine.