Babu ameacha vifaa vya mlima na mkebe wa senti za mkoloni, niuzeje nisipunjwe?

Mjukuu_Kilembe

Habarini wakubwa. Mimi nko Kasese, Uganda. Babu alitutoka mwaka jana, matanga yalishaisha, sasa nyumba inarudi kwa mwenyewe na wazee wamenitwika mimi kazi ya kuuza vitu vyake, ati kwa sababu nashinda kwenye simu. Babu alifanya kazi mgodini Kilembe mpaka ulipofungwa, alafu akaingia kubeba mizigo ya wazungu Rwenzori, na wazungu wakishuka mlimani wamechoka walikuwa wanamwachia vitu.

Vilivyopo: buti za barafu jozi mbili, kramponi (zile chuma za meno za kufunga chini ya buti) jozi tatu, kamba ndefu ya bluu ambayo haijawahi kutumika bado iko na karatasi yake, hema, slipingi begi mbili, na shoka la barafu la mpini wa mbao. Alafu kuna mkebe wa Kimbo umejaa sarafu za East Africa, nyingine za tundu, nyingine za kichwa cha mfalme na simba nyuma, noti tano za Amin, na bangili ya pembe ya ndovu ya marehemu bibi.

Binamu yangu wa Kampala ameona video ati senti kumi ya 1936 inauzwa mamilioni, na mimi ninazo nne! Lakini jamaa mmoja wa mjini ameniambia mkebe wote 150,000 na vya mlimani ni takataka atanisaidia kutupa. Nimesugua sarafu kama ishirini kwa majivu na ndimu, zinang'aa kama za jana. Nisaidieni nianzie wapi.

SentiYaTundu

ACHA KUSUGUA. Weka ndimu chini kaka, itie kwenye chai.

Ile rangi ya kahawia au nyeusi ndiyo mnunuzi anaitafuta, inamwonyesha sarafu haijachezewa, ukishaitoa hairudi, na mtu anayejua atapunguza bei hapo hapo. Hizo ishirini ndiyo basi, ziweke kando. Nyingine kama zina udongo loweka kwenye maji safi kisha kausha kwa kitambaa laini bila kusugua, na uzishike kwa ukingo.

Sasa 1936. Nakuonea huruma lakini nitasema. Mwaka ule Uingereza ilikuwa na wafalme watatu, George wa Tano alikufa Januari, Edward wa Nane akakaa miezi akaacha kiti Desemba kwa ajili ya mwanamke, akaja George wa Sita. Wazungu wanazipenda sarafu za jina la Edward kwa sababu ni chache duniani, kwao hata hazikuingia sokoni, LAKINI huku kwetu senti tano na senti kumi za jina lake zilitengenezwa nyingi mno. Hazina kichwa kwa sababu katikati kuna tundu, soma maandishi utaona EDWARDVS VIII. Zinauzika, watu wanazipenda, ila ni pesa ya chapati na soda, milioni utaiona kwenye video tu.

Zenye maana kidogo ni shilingi za simba. Kuanzia 1921 mpaka 1946 zilikuwa na madini ya fedha (silva) robo, yaani katika gramu 7.8 unapata kama gramu 2 za fedha, kuanzia 1948 hakuna fedha kabisa. Kwa hiyo zitenge kwa mwaka. Na angalia vizuri kama kuna moja imeandikwa FLORIN, ya 1920 au 1921. Florini ilikuja baada ya rupia za Wahindi ikakaa muda mfupi sana kabla shilingi haijaingia, ukiipata hiyo usimwonyeshe jamaa wa 150,000.

Noti za Amin zilitoka 1973, watalii wanazinunua sana pale Kampala kwenye maduka ya vinyago. Iliyokunjwa mara nne haina bei kubwa, iliyonyooka ndiyo yenyewe. Usipige pasi! Najua unafikiria.

Mpagazi_Mstaafu

Pole kwa msiba mjukuu wetu. Mimi nimebeba mizigo huo mlima miaka mingi, huenda babu yako nilimjua, hatutajani majina hapa.

Huyo anayekwambia vya mlimani ni takataka anataka kurudi usiku avichukue bure. Juu kileleni Margherita ni mita 5,109, barafu imepungua sana siku hizi lakini bila kramponi bado hufiki, na vijana wanaoongoza wageni wananunua na kukodisha kila msimu. Uza kabla ya Juni, kiangazi kikishaanza kila mtu ameshajipanga. Angalia meno kama bado marefu, kutu ya juu juu si neno, lakini ukiona ufa kwenye chuma hiyo ni ya mtu wa vyuma chakavu.

KAMBA USIUZE. Najua ni mpya na inakuuma. Nailoni inazeeka hata ikiwa kabatini, watengenezaji wenyewe wanasema ikifika miaka kumi basi hata kama haijaguswa, na hiyo ya babu ina umri gani? Mtu atajining'iniza nayo mwambani kwa sababu umempa bei nzuri. Ikate vipande vipande vifupi uuze ya kufungia mbuzi na mizigo ya boda, isibaki ndefu mtu akaja kudanganywa nayo.

Buti: zishike mbele na nyuma uzikunje kwa nguvu, alafu bonyeza soli kwa kidole gumba. Zile za zamani soli ya kati inaoza yenyewe kwa kukaa tu, kwa macho ni nzima, ukitembea saa mbili inamwagika kama keki kavu. Nimeona mzungu anashuka Bujuku amefunga soli kwa kamba ya kanga yangu, kanga ya mke wangu yaani, mpaka leo hajanisamehe.

Hema ulisimamishe nje, umwage maji juu. Ukishika kitambaa kwa ndani kinanata na kunuka kama matapishi, uza kama turubai na useme hivyo hivyo.

Shoka la mbao ni jambo lingine. Siku hizi ni chuma tupu, wa mbao hawatengenezi tena kwa kazi, wanaolitaka ni watu wa kutundika ukutani. Tazama kichwani kama kuna muhuri wa aliyelitengeneza. Usilipige msasa, usilipake vanishi, hiyo mikwaruzo ya mawe ndiyo mnunuzi analipia. Hilo mimi ningeanza kuliuza mwisho, bila haraka.

Wakili_wa_Mtaa

Nyinyi wote mmeruka bangili?? Ssebo, usiiuze, usiiposti, futa picha kama umeshaweka. Pembe ya ndovu kuwa nayo bila kibali ni kosa, sheria ya wanyamapori ya 2019 haijali kama ni ya bibi, na adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha, mwaka 2022 kuna mtu alipewa hiyo hapa Uganda kwa pembe, ingawa yeye alikuwa amerudia kosa. Nenda na mzee mmoja wa ukoo kwa watu wa wanyamapori uwaeleze imepatikana kwenye vitu vya marehemu. Watakuja wanunuzi inboksi wenye heshima sana, hao ndio uwakimbie.

MamaTabu_Busia

Mimi nauza mitumba Busia na mtandaoni, nikuambie upande wa pesa mwanangu. Kwanza andika kila kitu kwenye daftari, wazee waweke sahihi, na mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa) agonge muhuri. Unasema wamekutuma, haya, lakini siku shoka likiuzwa pesa nzuri shangazi wa Mbarara atakumbuka kwamba babu alimwahidi yeye.

Pili, ujumbe wa simu si pesa. Mtu atakuonyesha meseji imeandikwa vizuri na jina lako, wewe bonyeza uangalie salio mwenyewe kabla kitu hakijatoka mkononi. Na yule anayesema "nimetuma zaidi kwa bahati mbaya nirudishie 80,000" mrudishie salamu. Mkutane mchana penye watu, mimi hupenda stesheni ya mafuta.

Bei usiangalie wanayoomba watu mtandaoni, kuomba ni bure. Kwenye eBay kuna sehemu ya kuonyesha vilivyouzwa tayari, hiyo ndiyo bei. Picha piga mchana dirishani, sarafu pande zote mbili, weka na rula. Kama kuna kasoro ionyeshe wewe mwenyewe kwanza, mteja akiikuta yeye ndipo anakata nusu.

Omuto_wa_Bei

Mi naona mnamchosha tu bambi. Achukue 150,000 amalize, muda nao ni pesa.

SentiYaTundu

@Omuto_wa_Bei wewe ndiye jamaa wa mjini nini 😂

Mjukuu_Kilembe

Asanteni sana, nimerudi na ripoti. Bangili imeshaenda, tulienda na baba mkubwa, waliandika maelezo wakaichukua, baba mkubwa jasho lilimtoka lakini hawakutusumbua.

Florini hakuna. Nimemwaga mkebe wote juu ya mkeka nikasoma moja moja mpaka shingo ikauma. Shilingi za simba za mpaka 1946 ziko kumi na tisa, na katika zile nilizosugua saba ni hizo hizo za fedha, siongei. Binamu hapokei simu tangu nimwambie kuhusu Edward.

Kramponi jozi mbili zimechukuliwa jana na kijana wa Kilembe, amelipa zaidi ya ule mkebe wote wa jamaa, pesa nimeiona kwenye salio kwanza mama Tabu. Kamba nimeikata, roho ikiniuma, jirani amechukua vipande sita vya mbuzi.

Buti nimezikunja kama ulivyosema mzee. Jozi ya kwanza iko sawa. Ya pili nilikuwa nimeishika tu, soli ikabaki mkononi, buti ikaanguka, ndani yake ikatoka soksi moja ya babu imeviringwa na tikiti ya treni ya Kasese. Hiyo tikiti siuzi. Shoka nalo bibi mdogo amesema tulitundike kwanza, tutaongea Desemba watu wakija.