Mninga unaungua kwenye CNC: nipunguze RPM au niongeze mwendo?

mchora_milango: Wakuu, naombeni ushauri. Nachonga nakshi za milango kwenye mninga kwa CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta). Spindo (mota inayozungusha biti) ni ya 1.5 kW, biti ni ya kabaidi mm 6, meno mawili, ya kupandisha maranda. Nimeweka RPM (mizunguko kwa dakika) 24,000, mwendo wa biti kusogea kwenye mbao mm 1,000 kwa dakika, kina mm 3 kila pasi (kila inapopita). Kingo zinatoka nyeusi na biti mpya inakuwa butu haraka. Nilienda taratibu nisiivunje.

Fundi_Maranda: Mkuu, huo utaratibu ndio unaoiua. Gawanya 1,000 kwa (24,000 × 2), unapata mm 0.02. Hilo ndilo tonge la kila jino, yaani unene wa mbao linaoukata kila mzunguko. Ni jembamba mno, makali hayaingii kwenye mbao, yanasugua tu, na msuguano ndio moto wenyewe. Mbao ngumu kwa biti ya mm 6 inataka tonge la mm 0.08 hadi 0.12.

Mwendo = RPM × meno × tonge. Shusha RPM hadi 16,000: 16,000 × 2 × 0.1 = mm 3,200 kwa dakika. Usiruke huko moja kwa moja. Anza na tonge la 0.06 (mm 1,920), ongeza asilimia 10 kila jaribio. Ikianza kulia au kutetemeka, rudi hatua moja. Na tazama kinachotoka: unga laini maana yake bado unasugua. Unataka maranda ya kushikika, kama yale ya kutandika banda la kuku, japo madogo zaidi.

mchora_milango: Asante kiongozi. Tatizo mashine yangu ni ya mikanda, ikipita 2,000 inacheza.

jino_moja: Basi usiilazimishe, badili biti. Ya jino moja, RPM 16,000, tonge 0.1, inakupa 1,600 na ubora uleule wa tonge. Kina weka mm 2. Kama inverta yako (kidhibiti cha kasi ya spindo) inatoa 24,000 kwenye 400 Hz, basi 16,000 ni takriban 267 Hz. Usishuke chini ya 10,000, spindo hizi huko chini hazina nguvu.

Fundi_Maranda: Naafiki. Jino moja ndilo jibu kwa mashine ya mikanda.

koleti_safi: Kuna jambo mmelipita. Kwenye nakshi, mwendo ulioandika hauufikii. Vijistari vifupi na kona vinailazimisha mashine ipunguze kasi kila mara, RPM inabaki palepale, tonge linakonda. Ndiyo maana weusi hukaa konani. Tenganisha programu: mistari mirefu RPM 16,000, nakshi ndogo 12,000.

Pia biti isizame wima, ishuke kwa mteremko. Ikizama wima inasugua chini kabla ya kusogea. Halafu fungua koleti (kibanio kinachoshika biti), ipigie brashi. Vumbi kidogo likiipindisha biti kwa mm 0.05, kwenye biti ya meno mawili jino moja linakula karibu kila kitu na jingine linasindikiza.

mchora_milango: Kwenye mvule nitumie hesabu hizihizi?

koleti_safi: Hesabu ndiyo hiyo, ila mvule huwa na vijiwe vya chokaa ndani. Anza na tonge la 0.08, na biti uliyoitumia kwenye mvule usiirudishe kwenye nakshi za mninga. Barakoa uvae, vumbi la mvule linawasha pua na ngozi.