Makala za kitaaluma kuhusu taarab mnazipataje maktaba?

BintiTemeke: Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa tatu, naandika utafiti kuhusu taarab ya Unguja enzi za mwimbaji Siti binti Saad. Supavaiza amekataa marejeo yote niliyompelekea, anasema blogu na video za YouTube hazihesabiki, anataka makala za majarida. Nimeingia databesi ya chuo nikaandika "historia ya muziki wa taarab Zanzibar na nafasi ya wanawake", nikapata sifuri. Sifuri kabisa! Databesi ya muziki ya RILM nayo inanipa kichwa cha makala na ikisiri (muhtasari) basi, PDF hamna. Hivi taarab haijaandikwa au natafuta vibaya? Bibi yangu alikuwa anaziimba nyimbo hizi akikuna nazi, sitaki kubadilisha mada.

Mkutubi_wa_Zamu: Usibadilishe dada, imeandikwa sana tu. Tatizo ni hiyo sentensi. Databesi kama hizo mara nyingi ukizipa maneno kumi zinataka makala yenye yote kumi, tena umeandika Kiswahili wakati ikisiri nyingi ziko kwa Kiingereza. Anza hivi:

(taarab OR taarabu OR tarabu) AND Zanzibar

OR na AND kwa herufi kubwa, mabano usiyasahau. Ukiweka "tarab" ya a moja bila Zanzibar utajikuta Cairo na Aleppo, maana kwa Waarabu tarab ni ule mzuka unaompanda msikilizaji muziki ukimkolea, na wameuandikia mno. Jina la Siti nalo hivyohivyo, kuna wanaoandika bint, kuna wanaoandika Sitti, kwa hiyo jaribu zote.

Kuhusu RILM, ile ni faharasa, ipo tangu 1966, kazi yake ni kukuonyesha nani kaandika nini na wapi. Kuna toleo lenye makala kamili ila mpaka chuo kilipie. Wewe nakili jina la jarida, mwaka na juzuu, halafu nenda JSTOR, ile hifadhi ya majarida mtandaoni, ukatafute jarida lenyewe. Ukikosa, mpelekee mkutubi karatasi yenye hayo maelezo, ndio kazi yetu na tunaipenda.

Mzee_wa_Gambusi: Naongezea kwa mkutubi hapo juu. Usijifungie kwenye databesi za muziki tu maana nusu ya mambo ya Siti iko kwa wanahistoria. Laura Fair ni mwanahistoria, Kelly Askew mwanaanthropolojia, na wote taarab wameichimba kwelikweli. Kwa hiyo ingia upande wa historia ya Afrika, weka Zanzibar na women na music uone. Na za bure kabisa zipo, jarida la Swahili Forum liko wazi mtandaoni, pia African Music la ILAM kule Makhanda Afrika Kusini, maktaba aliyoianzisha Hugh Tracey mwaka 1954, matoleo ya zamani unasoma bila kulipa.

nyota_ya_kizimkazi: Mimi naanzia Google Scholar kwanza, inashika hata tasnifu za vyuo ambazo databesi nyingine hazina. Nikipata makala moja nzuri naenda moja kwa moja kwenye tanbihi zake, nikaona kazi ileile inatajwa na watu watatu wanne najua hiyo lazima niisome. Na angalia miaka, JSTOR majarida mengi matoleo ya karibuni hayamo, ukiona yameishia miaka kadhaa nyuma usidhani watu wameacha kuandika, hayo unayafuata kwenye tovuti ya jarida lenyewe.

BintiTemeke: Jamani asanteni sana. Nimejaribu ule mstari wa mabano sasa hivi, ukurasa umejaa! Nimefungua ya kwanza, inaanza na safari ya Siti kwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, nimejikuta nasoma mpaka chai imepoa. Mbili sijazipata PDF, nimeziandika kwenye daftari na juzuu zake, kesho asubuhi niko kaunta ya maktaba.

Mkutubi_wa_Zamu: Andika na namba za kurasa dada, zitakurahisishia.