Boila imekufa, nina kotesheni tatu mkononi: kazi nimpe nani?

BintShangani
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri kabla ya Ijumaa, maana nimeahidi kutoa jibu.

Tunaishi Leicester, Uingereza, nyumba ya vyumba vitatu, bafu moja, radieta nane (vile vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba). Boila yetu, mashine ya gesi inayopasha maji ya kuoga na ya radieta, ina miaka 17. Wiki iliyopita ilianza kuvuja, na fundi aliyekuja kuiangalia akasema chombo cha ndani kinachopasha maji kimepasuka na kukibadilisha ni kutupa pesa. Mama yangu ana miaka 74, amekuja kutoka Unguja mwezi wa nane. Sasa analala na koti juu ya kanga. Tumemwekea hita ya umeme chumbani, lakini mita inakimbia mpaka naogopa kuitazama.

Nimepata kotesheni, yaani bei ya kuweka boila mpya, kwa watu watatu. Wa kwanza tunasali naye msikiti mmoja. Pauni 2,150, taslimu, nusu kabla. Hakuja nyumbani, nilimtumia picha za boila akanijibu kwa ujumbe wa mistari mitatu. Anasema tuweke ya kilowati 35, "kubwa ndiyo bora".

Wa pili ni Mwingereza wa mtaa wa pili. Pauni 2,900. Alikaa kwetu saa nzima na zaidi. Alihesabu radieta, akapanda darini, akafuata bomba la gesi kutoka kwenye mita mpaka jikoni, akaweka jagi chini ya bomba la jikoni huku ameshika simu anahesabu sekunde. Akasema maji yetu ni lita 13 kwa dakika, kilowati 30 inatosha.

Wa tatu ni kampuni kubwa. Pauni 3,900 kwa mkopo wa miaka mingi. Maswali yote kwa simu.

Mume wangu anataka tumpe wa kwanza, pesa ibaki kwa ndugu yetu. Mie moyo unasita, lakini naona haya kumwomba kitambulisho mtu tunayesimama naye safu moja. Mnasemaje?

FundiBomba_Luton
Waalaykum salaam dada. Mimi kazi yangu ndiyo hii, mwaka wa 14 sasa, kwa hiyo nisamehe nikirefusha.

Hilo la haya liondoe leo. Hapa Uingereza hakuna ruhusa ya mtu kugusa boila ya gesi kwa malipo bila kusajiliwa na Gas Safe Register, orodha rasmi ya mafundi wa gesi. Ndiyo iliyochukua nafasi ya orodha ya zamani, CORGI, mwaka 2009, kwa hiyo anayekuonyesha karatasi ya CORGI peke yake ana karatasi ya zamani. Kila fundi anatembea na kadi yenye picha yake. Mimi naitoa mlangoni kabla sijavua viatu, na anayeniomba simuoni ana dharau, namuona ana akili.

Igeuze kadi. Watu wengi wanatazama picha mbele wanarudisha. Nyuma ndipo imeandikwa kazi anazoruhusiwa: kuna aliyeruhusiwa jiko tu, boila hana. Tazama na tarehe ya mwisho. Kisha ingiza namba yake kwenye tovuti ya Gas Safe yenyewe, usibofye kiungo alichokutumia yeye. Na kadi iwe ya mtu atakayeshika spana siku hiyo, isiwe ya bosi wake.

Sasa kilowati. Kwenye boila ya kombi kama yako, inayopasha maji papo hapo bila tangi, ukubwa ule ni wa maji ya kuoga zaidi kuliko wa radieta. Nyumba kama yako radieta zote pamoja hazifiki hata nusu ya kilowati 30. Kilowati 24 inakupa lita 9 mpaka 10 za maji ya moto kwa dakika, 30 inakupa kama 12. Bomba la mtaani linakuletea 13. Hiyo 35 utainunua, lakini maji ya kuishibisha utayatoa wapi? Yule wa jagi amefanya hesabu. Wa picha amekisia.

Na alifuata bomba la gesi kwa sababu nyumba nyingi za zamani zina la milimita 15, na boila mpya mara nyingi inataka 22 angalau sehemu ya njia. Asiyelitazama atakuongezea bei katikati ya kazi, au ataliacha hivyohivyo, na hilo la pili ndilo baya zaidi.

Muulize kila mmoja: utasafisha mfumo kabla ya kufunga? Utaweka chujio la sumaku na dawa ya kuzuia kutu? Juzi nimefungua radieta ya mteja juu ya bakuli jeupe la kuoshea vyombo, likajaa maji meusi kama wino wa pweza. Tope lile likiingia kwenye boila mpya, boila haimalizi miaka mitatu. Mwenye kiwanda naye atakataa waranti, kwa sababu mfumo haukusafishwa.

Mwanamkasi
Dada yangu, sikiliza la aliyekwisha kuumia. Mwaka juzi tulimpa mtu nusu taslimu, akafunga, boila ikawaka, tukafurahi. Waranti hakuisajili. Cheti cha kuonyesha kazi imefuata kanuni za ujenzi hakikuja, kwa sababu hakutoa taarifa. Tumekuja kugundua tulipotaka kuuza nyumba, wakili wa mnunuzi akakiomba. Simu ya fundi haipatikani mpaka leo.

Ili cheti kije, kazi inatakiwa kuripotiwa ndani ya siku 30. Usimalizie malipo yote bila kujua nani anakishughulikia.

Kassim_Reading
Na usilipe taslimu. Hata malipo ya awali tu ukilipa kwa kadi ya mkopo, kwa kazi ya zaidi ya pauni 100 mpaka 30,000, sheria ya mikopo ya mwaka 1974 inaibana benki pamoja na fundi. Akitoroka, unaidai benki. Kadi ya kawaida ya akaunti haina nguvu hiyo.

MzeeWaPemba
Mimi nataka kumtetea huyo wa msikitini kidogo. Bei nafuu si kosa, wapo vijana wetu wenye kadi halali na mkono mzuri, na wasipopewa kazi na sisi watapewa na nani? Mwanangu, mwambie tu: "Kaka, njoo uione nyumba, na uje na kadi." Akija, mmeshinda nyote.

Zuwena_Cov
Mbona hakuna aliyetaja pampu ya joto, ile mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kupasha nyumba badala ya boila? Serikali inatoa pauni 7,500 za kusaidia kuifunga, Uingereza na Wales.

FundiBomba_Luton
@Zuwena_Cov ni kweli, na kama boila ingekuwa bado inapumua ningemwambia asubiri apimiwe. Lakini pampu inataka silinda ya maji ya moto na kombi haina, kwa hiyo itabidi silinda itafutiwe nafasi, radieta nyingine zibadilishwe, na maombi yapite. Bibi wa miaka 74 yuko kwenye baridi leo. Ningefunga boila.

@MzeeWaPemba nakubaliana nawe kabisa.

BintShangani
Shukran nyote. Nimempigia kaka yetu kama Mzee alivyosema, na hakukasirika hata kidogo. Lakini amesema kazi ataifanya mdogo wake, kadi ni ya kwake yeye. Nikamshukuru kwa adabu, nikamwambia basi haitawezekana. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni anasikiliza, hakubisha tena.

Wa jagi nimeingiza namba yake, picha ni yeye, na boila imo. Ameandika kwenye kotesheni kusafisha mfumo, chujio, king'ora cha kaboni monoksidi (ile gesi ya sumu) na waranti ya miaka 10 mradi servisi ifanywe kila mwaka. Anakuja Jumanne. Nimfanye nini mama siku hiyo?

FundiBomba_Luton
Mpeleke kwa jirani kuanzia saa 2 asubuhi, maana maji yatafungwa na mlango utakuwa wazi kutwa. Kabla fundi hajaondoka, mwombe aweke joto la maji ya radieta kwenye 60 hivi, si 80. Boila hizi zinabana matumizi ya gesi vizuri pale maji yanaporudi chini ya nyuzi 55. Mkiona chumba cha mama hakipati joto la kutosha, pandisheni kidogo. Na akuonyeshe kwa mkono wako mwenyewe jinsi ya kuongeza presha ya maji: sindano ya kipimo cha boila isimame kati ya 1 na 1.5 boila ikiwa baridi.