Wavuvi wamegeuza kiwanja changu njia, naombeni ushauri

Ziwani Kwetu: Wakuu, shikamooni. Nina kiwanja Igombe, huku Ilemela, Mwanza, kinagusa ziwa. Wavuvi wa dagaa wananitesa. Alfajiri wanavuta mitumbwi mpaka karibu na msingi wa nyumba, akina mama wanaanika dagaa uani, injini wanaziegemeza kwenye mwembe wangu. Juzi usiku wakaja kundi zima na taa, mke wangu hakulala. Niende polisi au kwa mwenyekiti wa mtaa? Presha inapanda.

Mama wa Reki: Pole kaka. Ila na mimi ni muanikaji. Dagaa wa mchangani ukiwaacha bila kuwageuza wanaungua juu, chini wabichi. Mvua ikinyesha, mzigo wote unakuwa chakula cha kuku na mkopo unabaki palepale. Ukifunga hapo sisi twende wapi?

Kipanga wa Nera: Mwanaume hulinda mpaka wake. Babu yangu kule Sengerema alisumbuliwa na ng'ombe wa jirani mpaka akapanda minyaa shamba zima. Kesi ikaisha. Panda minyaa.

Jongoo Mwendo: Minyaa tena? Mkuu, nyumba iko umbali gani kutoka majini? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na hati unayo?

Ziwani Kwetu: Nina karatasi ya mauziano, mashahidi na muhuri wa mtaa. Mita sijapima. Mbona kuna hoteli zimejengwa mpaka majini na hakuna anayeziuliza?

Nahodha Mstaafu: Subirini kwanza. Juzi mwezi ulikuwa mpevu. Dagaa hufuata taa kukiwa na giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inakaa nchi kavu na vijana wanashona nyavu. Hao wa taa walikuwa wanakwenda kuvua nini? Hii chai.

Kipanga wa Nera: Tena ya tangawizi. Nimepoteza minyaa yangu bure.

Ziwani Kwetu: Sio chai. Hawakuja kuvua. Walikuja kung'oa nguzo.

Mama wa Reki: Nguzo zipi tena?

Ziwani Kwetu: Za uzio. Nimezisimika wiki iliyopita, za mwisho ziko majini. Nilinunua 2018, maji yalipopanda 2020 bikoni zangu mbili za chini, zile alama za mpaka, zikazama. Ardhi niliyolipia iko chini ya maji, simwibii mtu. Na pembeni nimewaachia njia ya kupita. Seng'enge nimeshanunua, fundi anarudi Jumatatu.

Nahodha Mstaafu: Njia ya mtu, sio ya mtumbwi. Huo mtumbwi na injini yake wataupitisha wapi? Mwaka 2020 ziwa lilivuka hata kile kiwango chake cha juu cha 1964. Ukingo ulishasogea, na mita 60 zako zinahesabiwa kutoka huko. BMU, kile kikundi kinachosimamia uvuvi kwenye mwalo huo wanapoegesha mitumbwi, uliwashirikisha?

Ziwani Kwetu: Kwangu niombe ruhusa? Mwalo niliukuta, sikatai, hata aliyeniuzia aliniambia. Lakini hela niliyotoa ni ya jasho.

Mama wa Reki: Kumbe uliambiwa! Kaka, na sisi tunakula jasho.

Jongoo Mwendo: Sahau polisi. Nenda Baraza la Ardhi la Kata, tangu mabadiliko ya 2021 kazi yao ni kusuluhisha, na BMU waitwe. Ikishindikana kuna Baraza la Ardhi la Wilaya. Ila ukifika huko na nguzo majini, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Mzuie fundi.

Ziwani Kwetu: Fundi kashachukua advansi. Nitamwambia aanzie upande wa barabarani. Wa ziwani nitaongea na BMU Jumamosi, lakini nguzo zangu wazirudishe kwanza.